Baba Mkwe Ndani ya Hema

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, usijali, nitakupa kwa ufupi. Mimi ni Gentrix Aluoch. Kwetu ni upande wa ziwa, lakini kazi yangu iko Kisii mjini, dukani kwa Meena, tunauza sufuria na vyombo vya nyumbani. Niliolewa na Angwenyi, Mkisii wa huku Manga, fundi wa kupanda milingoti ya simu.

Siku za kazi mume wangu yuko juu ya mlingoti, leo Itumbe, kesho Kenyenya. Wikendi yuko juu ya mawe. Tunapitia Nyakoe kununua ndizi na parachichi, tunapiga hema chini ya jabali lililo juu ya boma la kwao, yeye anajifunga kamba na kupanda. Mimi nabaki chini nikishika ile kamba. Wanawake wengine wanajua waume zao kwa uso. Mimi wangu namjua kwa soli za viatu.

Na msinicheke. Hema hiyo ndiyo raha pekee niliyokuwa nayo. Nyumbani kwao wote wanaongea Ekegusii, nami nakaa pale nikitabasamu mpaka mashavu yanauma. Kwenye hema tulikuwa wawili tu, na Kiswahili chetu. Siku aliyoileta alinibeba akaniingiza ndani, akasema, "Karibu nyumbani, bibi."

Nami nikaamini. Mjinga mimi.

Wiki jana niliwaacha Jumapili alasiri. Angwenyi amefika juu, ameifungua kamba, anashuka kwa njia ya miguu inayozunguka mlima. Mvua ya mawe imeanza ghafla. Mimi nimejificha ndani ya hema peke yangu, na nje kuna sauti ya mwanamume inaita hodi.

Wengine mmesema lazima alikuwa mwizi. Laiti angekuwa mwizi! Mwizi ningemtwanga na sufuria, mambo yaishe.

Alikuwa baba mkwe, tata, kama wanavyoita baba huku.

"Angwenyi yuko?" akauliza.

"Hayuko, tata, anashuka na njia ya juu. Na wewe unafanya nini kwa mvua kama hii?"

Nikasikia mvua ya mawe tu ikigonga hema.

"Basi mimi nangoja yeye hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa nje."

Nikafungua zipu. Jamani! Mzee wa watu alikuwa amepiga magoti kwenye matope, kofia hana, damu inamtoka kichwani na kuchanganyika na maji. Alikuwa ameteleza akaangukia jiwe. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Ingia!"

"Yaya," akasema. Ndiyo hapana ya kwao.

"Tata, ingia, utakufa!"

"Yaya. Mimi hapana ingia. Hiyo ni nyumba ya kijana yangu."

"Nyumba gani? Hii ni kitambaa tu!"

Hayo ni maneno yangu, kwa kinywa changu. Yakumbukeni, kwa sababu watu wengine waliyakumbuka vizuri sana.

Kwa wasiojua: Wakisii wana heshima wanayoiita chinsoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii kabisa. Akija kutembea anawekewa kiti uani, chai anainywea huko huko. Hata jiko la mwanawe likishika moto, atasimama nje na kuita majirani. Kitanda cha mkwe wake hakioni mpaka anakufa. Na hema yetu ilikuwa na nini kingine? Hema ni kitanda na zipu.

Hayo nilikuwa nayajua. Hata kwetu tunaheshimu wakwe. Lakini nilikuwa naona damu. Nikamshika kola ya koti kwa mikono miwili, nikamvuta ndani na gamubuti zake zikabaki nje kwenye matope.

Mzee alijiviringisha kama mtoto aliyeogopa. Akavuta koti likamfunika kichwa, akageukia kitambaa cha hema, akanipa mgongo. Nikamfunga jeraha kwa leso yangu kupitia nyuma, bila kuona uso wake. Nikamzungushia mfuko wa kulalia wa Angwenyi. Nikamimina chai na kumpitishia kikombe juu ya bega, naye akakipokea bila kugeuka.

Tukakaa hivyo. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Ulikuwa unatoka wapi, tata?"

"Pale. Kwa miti."

"Ukifanya nini?"

"Naangalia kijana."

Sikuelewa. "Leo?"

"Kila mara mkikuja. Mimi nakuja pale, nakaa. Naangalia yeye akienda juu. Halafu naangalia wewe na kamba." Akanywa chai kidogo. "Wewe hapana achilia. Hata nzi ikikaa kwa uso, wewe hapana achilia."

Nikalia. Sioni haya kuwaambia. Wikendi zote hizo nilidhani niko peke yangu chini ya lile jabali, shingo inauma, hakuna anayejua kama nipo. Kumbe mzee alikuwa nyuma yangu kwenye miti, ananihesabu mtu.

"Mbona hukuwahi kuja kutusalimia?"

"Nije kwa nyumba?" akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. Kisha akaongeza polepole, "Sasa nimekuja. Nisamehe, mokamwana."

Mokamwana ni mke wa mwana. Hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyewahi kuniita hivyo. Mama yake Angwenyi, mama Mong'ina, huniita "huyu wa Angwenyi".

Mvua ilipopungua nikasikia hatua. Zikasimama ghafla. Angwenyi alikuwa ameziona gamubuti.

Hakufungua zipu. Aliita baba yake kwa Ekegusii akiwa mbali, mzee akajibu, wakaongea kitambo kifupi huku mimi niko katikati kama mwiko. Halafu mume wangu akaniita nje.

"Umemwingiza?"

"Alikuwa anavuja damu, Angwe. Angekufa."

"Umemwingiza mahali tunalala."

"Sasa ningefanya nini?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta jibu rahisi. Akalipata.

"Si ungetoka wewe, akaingia yeye?"

"Nitoke niende wapi?"

"Nje."

Alimaanisha nje kwenye mawe. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Kwake ilikuwa hesabu nyepesi: baba ndani, mke nje.

Alimbeba mzee mgongoni wakateremka. Mimi nikaachwa nikikunja hema iliyolowa, nikikunja kamba, nikikusanya sufuria. Nilipanda na kushuka na mizigo mpaka garini, nguo zimenigandia. Nikakaa ndani ya gari nje ya boma lao. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Watu walikuwa wanaingia na kutoka. Hakuna aliyekuja kuniambia mgonjwa anaendeleaje, au hata shika maji ya moto.

Angwenyi alirudi gizani. "Twende," akasema. Hilo ndilo neno alilonipa mpaka Kisii.

Wiki iliyofuata nyumba yetu ya kupanga ilikuwa kimya kuliko mlima. Anaoga, anakula, anajibu simu za kwao barazani, mlango umefungwa. Nikimuuliza mzee yukoje, anasema, "Yuko." Dada yake Roselyne, mwalimu, ndiye aliyenielezea kwa simu.

"Kidonda kinapona," akasema. "Lakini amejifungia chumbani. Anakula humo humo. Sabato hakuenda kanisani."

"Na ni mzee wa kanisa!"

"Ndiyo hivyo. Anasema hawezi kusimama mbele ya watu. Ameingia nyumba ya mwanawe."

"Lakini alikuwa anakufa, Rose!"

"Mimi najua. Lakini wewe ungefanya nini na macho ya watu?"

Dukani Meena aliniona nimepanga vifuniko vya sufuria vibaya, vikubwa kwa vidogo. Akanivuta nyuma ya kaunta. Nikamwambia yote. Nilitarajia acheke.

"Mimi baba ya Haresh nilifunika uso mbele yake mpaka siku alikufa," akasema. Haresh ni mumewe. "Nilikuwa najua yeye kwa kikohozi tu."

"Na kama angekuja kwako anavuja damu?"

Meena akafikiri. "Mimi ningeita Haresh."

"Na kama Haresh hayuko?"

"Haresh yuko siku zote," akasema. Akanipapasa mkono na kurudi kwa wateja. Sikumchukia, lakini jibu hilo lilikaa kifuani siku nzima.

Jumapili tukaitwa nyumbani kwao.

Hakuna aliyeniambia ni kikao. Nilifikiri tunaenda kumwona mgonjwa, nikabeba mkate na matunda. Nafika, naona viti vimepangwa sebuleni kwa mama Mong'ina, vitambaa vyeupe vimefuliwa upya, na baba mdogo Anyona amekaa mbele amevaa koti la suti. Mzee mwenyewe yuko chumbani, mlango umefungwa. Roselyne akanikalisha karibu naye anitafsirie.

Baba mdogo Anyona ni mtu anayependa kusikia sauti yake. Alizunguka, alizunguka, mwisho akatua.

"Anasema swali ni moja tu," Roselyne akaninong'oneza. "Hema ni nyumba au si nyumba?"

"Ikiwa nyumba?"

"Basi mzee amevunja chinsoni. Achinjwe mbuzi, mzee atakaswe mbele ya ukoo wote. Aibu ijulikane, halafu iishe. Lakini kanisani hawatampokea vizuri tena, kwa sababu kanisa halitaki hayo mambo ya mbuzi."

"Na isipokuwa nyumba?"

"Hakuna kosa. Alijikinga mvua kwenye kitambaa. Kila mtu anywe chai aende."

Moyo ukashuka mahali pake. Nikainua mkono kama mtoto wa shule. "Si nyumba! Mimi mwenyewe nilimwambia ni kitambaa tu. Mwulizeni mzee!"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata baba mdogo akatabasamu. Kwa mara ya kwanza katika nyumba hiyo nilikuwa nimesema kitu ambacho wote wanakubali. Furaha iliyonishika, haki, sijui niseme nini.

Ndipo mama Mong'ina akakohoa.

Aliongea kwa Kiswahili, taratibu, ili nisikie mwenyewe bila mkalimani.

"Huyu amesema vizuri. Hema si nyumba. Sasa mimi nauliza, nyumba yake iko wapi?"

"Kisii, mama. Tunakaa Kisii."

"Hiyo ni ya mwenye kukodisha. Mimi nauliza hapa. Mwanamke akiolewa hapa, anawekwa ndani ya nyumba. Huyu aliwekwa wapi?"

"Tuna cheti, mama."

"Cheti unaweza kulala ndani?"

Watu wakacheka. Mimi nikamgeukia Angwenyi. Kila mwaka alikuwa akisema mwaka ujao tutajenga. Nami kila mwaka nilikuwa nikisema hakuna haraka, kwa sababu tulikuwa na hema.

"Kama ile kitambaa ni nyumba," mama Mong'ina akaendelea, "basi huyu ni bibi, na mzee amekosa. Kama si nyumba, mzee hana kosa. Lakini huyu naye hajaingia nyumba ya mtu yeyote. Ni mgeni, karibu sana, anywe chai."

Alisema bila ubaya, jamani. Alikuwa anaokoa mume wake. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Roselyne alijaribu. Alisimama akasema mambo ya sheria, ya siku hizi, ya watu waliosoma. Baba mdogo akamwambia akae, kisha akamgeukia mume wangu.

"Angwenyi, hema ni yako. Sema wewe. Ni nyumba au si nyumba?"

Nilikuwa nimetoka tu kusema ni kitambaa, na sasa nilikuwa naomba kwa Mungu mume wangu anikatalie mbele ya watu wote. Anikanushe, anigombeze, aseme mke wangu hajui anachosema, ile ni nyumba yangu na huyu ndiye mwenye nyumba. Nilimtazama kama ninavyomtazama akiwa juu.

Hakuangalia chini.

"Si nyumba," akasema.

Watu wakashusha pumzi. Mtu akapiga makofi. Mama Mong'ina akafuta macho na kuita chai iletwe. Nikaletewa mimi wa kwanza, kwenye kikombe kile cha maua kinachokaa kabatini, pamoja na sahani. Wenyeji hunywea vikombe vya bati. Cha maua ni cha wageni.

Nikakishika. Nitasemaje? Niliwahi kushika kamba ya mtu huyu kwenye jua la kuchoma na upepo wa kung'oa majani. Niliwahi kuishika nikiwa na homa. Na hapo nilikuwa nimekaa na sahani mapajani, nikitabasamu, mashavu yanauma.

Mlango wa chumbani ukafunguka.

Mzee alitoka na fimbo, kichwa kimefungwa bandeji. Alikuwa amekonda. Watu walianza kumpigia vigelegele, baba mdogo akainuka ampe habari njema, yeye akainua fimbo wakanyamaza. Hakunitazama. Aliongea akitazama ukuta, na aliongea Kiswahili.

"Nani ameingia pale? Ni nyinyi?"

Akajigonga kifua.

"Ni mimi nimeingia. Basi ulizeni mimi." Alikuwa anahema. "Nimekuta mwanamke ndani. Amesema ingia. Amenipa chai. Amenifunga kidonda. Mimi nimejua nimeingia mahali pa mtu. Hiyo ni nyumba. Nimeingia nyumba ya mokamwana wangu, na nimekosa. Leteni mbuzi."

"Ndugu yangu," baba mdogo akasema, "lakini kijana mwenyewe amekana."

"Nimesikia. Niko na masikio."

"Kanisa je?"

"Kanisa nitaenda nikae nyuma," mzee akasema. Akashika kiti, akakaa, mgongo kwangu.

Yaani mzee aliyejificha wiki nzima kwa aibu alikuwa ametoka kuichukua mwenyewe, ili mimi niwe na mahali. Na mume wangu alikuwa amekaa pale pale, kikombe cha bati mkononi, chai haijaguswa.

Baba mdogo akajipangusa uso kwa mikono. "Basi tumeharibikiwa. Mtoto hawezi kumfanya baba yake mwongo. Angwenyi, sema tena. Ni nyumba?"

"Ni nyumba," Angwenyi akajibu, haraka.

Akanigeukia. Alikuwa anatabasamu! Alinyoosha mkono aushike wangu, mambo yamekwisha, tumepona. Neno nililokuwa nikilingoja lilikuwa limesemwa, na mimi sikusikia chochote ndani yangu. Nikaweka kikombe cha maua chini.

"Na kama baba yako angenyamaza?" nikamuuliza.

"Gentrix, si hapa."

"Hapa hapa. Umenikana hapa. Kama mzee angebaki chumbani, ungesema nini leo? Na kesho? Wikendi ijayo ungenipa kamba nishike, mimi mgeni wenu?"

Angwenyi akamtazama baba yake, kama anayesubiri aambiwe na hilo pia. Mzee hakugeuka.

Nikanyanyua mkoba wangu, nikawashukuru wote kwa chai, nikaenda mlangoni.

Mama Mong'ina alikuwa amefika kabla yangu. Alisimama kizingitini, mikono ameshika miimo huku na huku.

"Unaenda wapi?"

"Naenda zangu, mama. Mimi ni mgeni, umesema mwenyewe."

"Hiyo ilikuwa kabla," akasema. "Sasa mzee wangu amekubali aibu kwa ajili yako. Ukitoka huo mlango, ameaibika bure. Mbuzi atachinjwa kwa nini? Kwa nyumba haina mtu?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Rudi ukae, mokamwana."

Nyuma yangu hakuna aliyesogea. Nilingoja nisikie hatua za Angwenyi, aje aseme mwacheni, au aje aseme usiende, lolote kati ya hayo mawili. Nilimsikia akiweka kikombe cha bati mezani, na hakuinuka.